Iachieni Bahari Siku Yake

Wajukuu zangu, ratiba yenu ya safari nimeisoma yote, tangu mtakapopanda basi pale Misigiri hadi jioni mtakaporudi nyumbani. Nimeisoma kwa furaha. Sitaki mdhani kwamba babu yenu anaipinga safari. Mmelima alizeti misimu miwili bila kukopa, ada za watoto zimelipwa, bati limepandishwa, na sasa mnataka kwenda kisiwani mkapumzike, mume na mke. Ni jambo jema. Wazee wengi wa hapa Ulemo wamezikwa bila kuiona bahari, na si kwamba hawakuitamani.

Nimesikia pia kwamba mwanzo mlitaka Thailand, muende Phuket na vile visiwa vya Phi Phi mlivyoviona kwenye simu, kisha mkapiga hesabu ya ndege mkaamua Unguja. Hapo nawaunga mkono. Lakini nikiitazama karatasi yenu naona bado ni ratiba ya Phuket iliyobadilishwa majina tu. Siku nne kisiwani, na kila siku imejaa hadi pembeni. Siku ya kwanza mnashuka bandarini Malindi, mnazunguka Mji Mkongwe, mnakwenda Changuu, mnakula mchana kwenye fungu la Nakupenda, jioni mko Forodhani. Siku ya pili pomboo wa Kizimkazi alfajiri, Jozani saa nne, mkahawa wa juu ya jabali kule Michamvi saa saba, Paje kuogelea jioni. Siku ya tatu Mnemba, kasa wa Nungwi, jahazi la Kendwa wakati wa magharibi. Ya nne mashamba ya viungo, Mkunazini, sokoni Darajani, kisha boti ya kurudi Dar. Hakuna saa hata moja iliyoachwa wazi. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze, na mnivumilie, maana sasa nazungumza polepole.

Ninyi ni wakulima. Hakuna kati yenu anayetia mbegu ardhini kwa sababu tarehe ya kalenda imefika. Mnangoja mvua, mnachimba kidogo kwa jembe kuona unyevu umeshuka kiasi gani, na mvua ikichelewa mnangoja tena, hata kama trekta la kukodi limeshalipiwa. Bahari nayo ina msimu wake na saa zake, na haijui kwamba mmelipia.

Mnataka kwenda Julai, baada ya kuuza mavuno. Basi fahamuni kwamba Julai ni kusi. Huo ni upepo unaotoka kusini na kusini-mashariki, nao huwa na nguvu kuanzia Juni hadi Agosti au Septemba. Miaka niliyofundisha shule za pwani, niliishi na wavuvi ukuta kwa ukuta, na niliona jinsi kijiji kizima kinavyobadilika kusi linapoingia: vyombo vidogo vinakaa pwani siku baada ya siku, samaki wanapanda bei, na hakuna mtu anayemcheka mvuvi aliyelala nyumbani. Siku hizi mna msaada ambao sisi hatukuwa nao. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, na hutaja maeneo kwa majina, Unguja na Pemba zikiwemo. Isikilizeni kila jioni kabla ya kulala. Ikitolewa, shughuli ya kesho ya baharini imekufa, na msianze kubembelezana na mtu mwenye boti.

Nawaambia haya nikikumbuka tarehe 18 Julai 2012. Mwezi huu huu mnaoutaka ninyi. Meli ya MV Skagit ilitoka Dar es Salaam mchana kwenda Unguja, ikapigwa na upepo na mawimbi, ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, abiria wakiwa karibu kabisa kufika. Haikuwa imepita hata mwaka mmoja tangu MV Spice Islander izame usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, imezidiwa na watu, na mamia wakapotea. Meli za sasa ni bora zaidi, zinakwenda kwa kasi na zinafika kwa saa mbili hivi. Sisemi muogope kupanda. Nasema mkiambiwa safari ya leo imeahirishwa, kaeni chini mshukuru.

Huko Thailand mlikotaka kwenda yalitokea hayo hayo. Tarehe 5 Julai 2018, tahadhari ya hali ya hewa ikiwa imetolewa, boti za watalii zilitoka Phuket kwenda visiwani. Dhoruba ikazikuta zikirudi. Boti iitwayo Phoenix ikazama na watalii 47 kutoka China wakafa, watoto wakiwemo. Nimewaza sana juu ya watu wale. Walikuwa likizoni kama mtakavyokuwa ninyi. Ukiwa na siku chache, na kila siku ina jina lake, siku ya boti ni siku ya boti. Ukisema haiendeki, umepoteza pesa na hakuna siku nyingine ya kuihamishia. Kwa hiyo unaomba twende tu, mwenye boti naye anaogopa kurudisha hela, na nahodha yuko katikati yenu wawili. Ratiba iliyobana ndiyo inayomsukuma nahodha. Mtu anaanza kuibana mwenyewe, akiwa mezani kwake na kalamu, miezi miwili kabla ya kuliona wimbi lolote.

Serikali ya Thailand inalijua hili. Visiwa vya Similan, ambavyo ni hifadhi ya taifa upande wa bahari ya Andaman, hufungwa kila mwaka kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba, wakati wa pepo za kusini-magharibi. Hakuna mgeni anayeingia, awe na pesa kiasi gani. Na msafiri wa huko mwenye akili huchagua upande kwa msimu: mvua zikiwa Phuket, hali ya Koh Samui upande wa pili huwa afadhali, na Oktoba ikifika mambo yanaanza kugeuka.

Unguja nayo ina pande zake. Kusi linapiga pwani ya mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu, Michamvi. Ndiyo maana miezi hiyo mtawaona vijana wa Kizungu Paje wamejifunga matiara makubwa wakivutwa juu ya maji. Upepo ule ndio wanaoufuata. Upande wa magharibi, kuanzia mjini kupanda Mangapwani hadi Kendwa, kisiwa chenyewe kinaukinga upepo, maji hutulia zaidi. Ninyi mmepanga kuogelea Paje na kupanda jahazi Kendwa. La Kendwa sawa. La Paje, nendeni mkatembee, mkatazame, mkalale hata usiku mmoja, lakini kuogelea kufanyikie upande wa magharibi. Na hapa niseme wazi jambo ambalo kila mtu analikwepa kwa haya: hakuna hata mmoja wenu anayejua kuogelea. Ziwa Kitangiri liko jirani yetu, lakini sisi Wanyiramba wa huku juu ni watu wa ng'ombe na mashamba. Si aibu. Kaeni maji ya kifuani, mahali penye watu, na kwenye boti yoyote, hata ya kwenda karibu, vaeni jaketi okozi na lifungwe kamba zote. Ukiambiwa yamebaki mawili yamechanika, shuka.

Sasa nije kwenye maji kupwa na kujaa, maana ratiba yenu haikuyataja hata kwa neno moja.

Maji ya bahari ile hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa usiku na mchana. Kila siku saa zinasogea mbele, karibu dakika hamsini. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndiyo bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake ikikaribia mita nne. Mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Katika bamvua, pwani ya mashariki hukauka mbali mno. Mtu aliyekuja kuogelea saa nne au saa tano asubuhi anakuta uwanda wa mchanga, mawe na madimbwi, na bahari yenyewe ni mstari mweupe kwenye mwamba kule nje. Wengi hununa wakaona wamedanganywa na picha. Wasinune. Saa hizo ndizo kina mama wa Paje na Jambiani wanashuka kwenye mashamba yao ya mwani, wamefunga kanga viunoni, wanafunga vipando kwenye kamba zilizowambwa kati ya vijiti, wanavuna na kubeba magunia yaliyolowa. Zao hilo lilianza pale mwishoni mwa miaka ya 1980, na nyumba nyingi za vijiji vile zimejengwa na wanawake kwa fedha ya mwani. Ninyi wakulima mtaielewa kazi ile kwa kuitazama tu. Ombeni ruhusa, ongeeni nao, waulizeni bei na magonjwa ya zao, maana bahari inapozidi joto mwani hufa kama mimea mingine. Vaeni yeboyebo miguuni, wapo wanyama wenye miiba mirefu myeusi kwenye mawe, na muanze kurudi mapema, maji yakigeuka hayapigi hodi.

Hivyo, kabla hamjakata tiketi yoyote, tazameni mwezi. Hilo la mkahawa wa jabalini Michamvi linategemea maji: yakipwa mnafika kwa miguu, yakijaa mnavushwa kwa mtumbwi. Fungu la Nakupenda ndilo zaidi. Ni mchanga unaoibuka maji yakitoka na kumezwa yakirudi. Ninyi mmeliandikia saa nane mchana siku ya kwanza, bila kujua saa nane ya siku hiyo mchanga uko juu au uko chini. Muulizeni mtu wa boti wa pale pale mjini, jioni moja kabla, naye atawapa saa.

Kuhusu pomboo nitasema kifupi. Watafiti waliofuatilia pomboo wa Kizimkazi wameona kwamba boti zikiwa nyingi wanyama wale wanapunguza kula na kupumzika, wanabaki kukimbia tu. Boti kumi zinamzunguka mama na mtoto wake, na watu wanarukia majini juu yao. Mimi sipendi mshiriki jambo hilo. Kama mtakwenda, nendeni na mtu anayekubali kuzima mashine akae mbali, nanyi mkae ndani ya boti. Julai hadi Septemba nyangumi nao hupita upande ule wa kusini, huenda mkamwona kwa mbali akipuliza. Tazameni pia wingi wa boti ulivyofanya Thailand: Ghuba ya Maya kule Phi Phi, iliyosifika duniani kwa filamu ya mwaka 2000, ilikuwa ikipokea maelfu ya watu kila siku hadi matumbawe yakafa. Wakaifunga Juni 2018, wakaifungua Januari 2022 kwa masharti, boti haziruhusiwi tena kuingia ndani ya ghuba, na papa wadogo wamerudi kwenye maji yale ya kina kifupi. Msingoje Kizimkazi ifungwe ndipo mjizuie. Jozani ni rahisi zaidi: kima punju, ambao asili yao ni Unguja, wanakaa karibu na njia, na kinachotakiwa kwenu ni kutulia, kutowapa chakula na kumlipa mwongoza njia wa hifadhi. Kumbukeni kuchukua vitambulisho vya NIDA, na kila mahali ulizeni bei ya mwananchi kabla ya kutoa pochi.

Lililonikosesha usingizi ni Mkunazini. Mmeiweka siku ya nne, kati ya viungo na sokoni, na mmeipa nusu saa.

Wajukuu zangu, mahali pale palikuwa soko la watu. Njia ya misafara ilitoka Ujiji na Tabora, ikakata nchi hizi zetu za kati kuelekea Bagamoyo, na waliopelekwa ng'ambo walivushwa hadi pale. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko hilo Juni 1873, akisukumwa na Waingereza, na juu ya uwanja wake likajengwa kanisa la Waanglikana. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, ndiye pia aliyeandika vitabu vya mwanzo vya sarufi ya Kiswahili kwa wageni, na kaburi lake limo humo. Madhabahu inaelezwa kuwa ipo mahali pa mti wa kuchapia watu viboko. Ndani pana msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, ulipozikwa moyo wa Livingstone. Nje, ndani ya shimo, zimesimama sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, na minyororo yenyewe ni ya kweli. Kuna vyumba vya chini ambamo utainama ili uingie.

Sijui ni wangapi wa damu yetu waliopita kwenye njia ile, hakuna aliyewaandika. Lakini walitoka nchi hii, walikunywa kwenye mito hii ya kwetu, na waliiona bahari siku ile ile waliyopoteza majina yao. Ninyi mtakwenda kuiona kwa hiari yenu, kwa nauli yenu wenyewe, mkiwa mke na mume ambao hakuna atakayewatenganisha. Naomba muipe Mkunazini asubuhi nzima, ya siku ya pili, mkiwa mmelala vizuri. Msikilizeni yule anayeeleza mpaka mwisho. Msipige picha za kucheka mbele ya sanamu zile. Mkitoka, msikimbilie shughuli nyingine. Tafuteni baraza mkae, mnywe kahawa, mzungumze ninyi wawili. Mchana huo uacheni mtupu kabisa.

Mkipata tarehe zinazokubali, katika nusu ya pili ya Julai kuna Mwaka Kogwa kule Makunduchi. Wanaume hupigana kwa migomba kumaliza chuki za mwaka uliopita, wanawake huimba wakiwa wamependeza, kibanda huchomwa moto, na kila nyumba hutaka kuwa na mgeni siku hiyo. Daladala zinakwenda hadi huko. Hiyo ni shughuli moja inayotosha siku nzima, na hamhitaji wakala.

Mke wa mjukuu wangu, wewe chukua kanga mbili na magauni marefu ya kutembelea mjini na vijijini. Nguo za kuogea zibaki ufukweni. Watu wa kule ni wapole, hawatakusema, lakini utaona macho yakiinama. Salimieni kwanza popote mnapouliza njia. Vijana watakaowafuata bandarini, papasi, wajibuni kwa adabu kwamba mna mwenyeji wenu, kisha endeleeni na safari.

Na mwenyeji mnaye kweli. Yule mtoto wa jirani yetu anafanya kazi hotelini Nungwi mwaka wa tatu sasa, na mama yake anamlilia. Karatasi yenu haina jina lake. Siku ya Nungwi iwe siku yake: mngojeni atoke zamu, mle naye, mumpigie mama yake simu mkiwa pamoja. Kasa mtawaona, wapo pale pale Mnarani.

Kwa njia ya kwenda, ondoeni lile basi la usiku linalowafikisha Dar alfajiri na kuwatupa bandarini na macho mekundu. Kichefuchefu cha kusi kitawamaliza kabla ya nusu ya safari. Pandeni basi asubuhi hadi Dodoma, mlale, kisha mchukue treni ya umeme iliyoanza safari za Dodoma Julai 2024. Nauli ya kawaida ilitangazwa kuwa shilingi 31,000, na kwa saa nne hivi mko Dar. Laleni tena. Boti iwe ya asubuhi, mle kidogo tu kabla ya kupanda, mkae nyuma na katikati ambako meli haitikisiki sana. Najua mtaniambia siku zinaongezeka. Ongezeni siku za kisiwani ziwe sita, na punguzeni shughuli. Mnemba itolewe, iko upande wa upepo. Changuu na wale kobe wakubwa, ambao wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, hao wabaki, ni safari fupi na upande ule umekingwa. Pomboo waamueni mkifika. Siku mbili kati ya sita zisiandikwe chochote, na moja ya hizo iwe ya mwisho kabla ya kurudi, ili upepo ukifunga bandari msilazimike kugombana na mtu yeyote kwa sababu ya basi la kesho.

Ng'ombe wenu nitawaangalia, na kijana wa kuchunga nimeshazungumza naye, amekubali hadi mtakaporudi, hata mkichelewa wiki nzima. Mbebeeni yule mtoto wa jirani debe la dengu na mafuta ya alizeti ya mashine ya hapa. Mama yake atayaleta Jumapili baada ya ibada, na ratiba mpya nileteeni siku hiyo hiyo niione.